Sufuri ya Kudura

Nchi hii haipo. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akaanza kuchungulia dirishani. Ni nchi nyingine kabisa, ya mbali, yenye bendera yake, wimbo wake na Waziri wake wa Elimu na Matumaini, ambaye mwanawe, kwa bahati mbaya iliyomshangaza kila mtu isipokuwa walimu wake, alipata sufuri katika masomo yote tisa ya kidato cha nne, likiwemo somo la michezo.

Wiki ile ile Serikali ikagundua kwamba wanafunzi waliofeli ni hazina. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Mbwembwe, ndiye aliyetangaza redioni.

"Aliyefaulu amekwisha faulu, taifa limfanyie nini tena?" aliuliza, na kwa kuwa redio haijibiwi, akaendelea. "Lakini aliyefeli, ndugu wananchi, ana nafasi kubwa sana ya kupanda. Nafasi hiyo hatuwezi kuiacha ikae bure!"

Hivyo ndivyo yalivyozaliwa Masomo ya Fidia. Likizo ndefu ikifika, waliofeli wangekusanywa wiki sita wazifidie alama walizozipoteza. Na kwa kuwa mapaa ya shule yalikuwa yanavuja, wangekaa Hoteli ya Taifa, katika vyumba vya wageni wa Serikali, wale pilau mara tatu kwa wiki, na kila mmoja avishwe utepe wa kijani begani wenye nembo ya mkono unaochomoza majini.

Siku ya ufunguzi Waziri hakuridhika na hotuba ya saa mbili na nusu. Alitaka kufundisha. Akaomba chaki, akaandika ubaoni nusu kujumlisha theluthi. Akajumlisha za juu, moja na moja, mbili. Akajumlisha za chini, mbili na tatu, tano. "Mbili ya tano!" akasema, akajipangusa chaki mikononi. Watu walipiga makofi dakika saba. Mhandisi mmoja aliyekaa safu ya pili alikohoa, na kesho yake akahamishiwa Idara ya Samaki. Keshokutwa Gazeti la Serikali likachapisha kwamba nusu na theluthi, tangu tarehe hiyo, ni mbili ya tano, na kwamba hesabu nyingine zote za sehemu zifuate mwenendo huo.

Wananchi walipokwenda kuipiga hesabu hiyo nyumbani waliona kwamba mtu mwenye nusu mkate, akiongezewa theluthi, anabaki na kidogo kuliko alichokuwa nacho mwanzo. Wakaelewa. Kumbe ndivyo mambo yao yalivyokuwa yakienda miaka yote, ila walikuwa hawajaelezwa kitaalamu.

*

Kudura Machano alikuwa hajafeli, na hilo ndilo lililomponza.

Alikuwa wa kwanza katika wilaya nzima. Wastani wake ulikuwa tisini na nne, na zile sita zilizobaki zilikuwa zikimuuma mpaka leo. Kudura alitaka kitu kimoja tu duniani, kuwa muuguzi, na nchi nzima ilikuwa na Chuo cha Uuguzi kimoja, chenye nafasi arobaini. Matokeo yalipotoka mkuu wa shule alimpa mkono, akamwambia asijivune. Mama yake, Bi. Mwanakombo, alimnunulia doti ya kanga ya maua mekundu, mpya, yenye harufu ya dukani bado. Kudura akaiweka sandukuni asiivae, aisubiri siku ya kwenda chuoni.

Aliyekaa naye dawati moja miaka minne ni Nasra Vuai. Nasra alikuwa msichana mcheshi, mnene wa mashavu, mwenye moyo mweupe na daftari jeupe zaidi. Kila asubuhi alinakili kazi ya Kudura, na mara mbili alinakili mpaka jina. Alipata wastani wa tisa. Akapelekwa Fidia.

Sasa, katika nchi ile kulikuwa na desturi ya zamani ya kumtandikia kanga mtu anayerudi. Aliyerudi safari, aliyerudi kutoka hospitali, hata aliyetoka gerezani, wanawake wa mtaa walitoa kanga zao wakazitandika chini kutoka barabarani mpaka mlangoni kwake, akapita juu yake kwa vigelegele. Wiki sita zilipokwisha, Nasra akarudi na utepe begani na wastani wa sitini na moja. Mtaa mzima ukafungua masanduku.

Kudura alikuwa amesimama kizingitini, amekunja mikono. Mashavu ya Nasra yalikuwa yameongezeka. Soksi zake zilikuwa nyeupe pe. Hata kucheka kwake kulikuwa na pilau ndani yake. Wivu ulimpanda Kudura kutoka tumboni mpaka kooni. Ndipo akaiona. Katikati ya njia, kati ya kanga ya jirani na kanga ya bibi muuza vitumbua, ilikuwa imelala kanga ya maua mekundu.

Nasra alipiga hatua nne juu yake. Kudura alizihesabu. Ya tatu iliacha alama ya kisigino chenye tope juu ya ua kubwa la pembeni.

"Mama! Ile kanga ni yangu."

"Yako, ndiyo. Zangu zimechakaa, ningetandika aibu?"

"Mimi nimepata tisini na nne. Mbona sikutandikiwa?"

Bi. Mwanakombo alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, utatandikiwaje kanga nawe hukwenda popote?"

Kanga ile ilifuliwa mara tatu. Tope lilitoka, lakini Kudura aliendelea kuiona alama mahali pale pale.

*

Orodha ya Chuo cha Uuguzi ilibandikwa mwezi uliofuata. Jina la Nasra Vuai lilikuwa la kumi na mbili. Jina la Kudura halikuwepo, si mbele, si nyuma ya karatasi. Akaenda Wizarani, kwenye dirisha la Bwana Songoro, karani mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kukataa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Dirisha limefungwa."

"Mbona liko wazi?"

"Liko wazi kwa ajili ya kueleza kwamba limefungwa. Haya, sema."

Kudura akasema. Bwana Songoro akafungua jalada, akalaza rula.

"Chuo kinapokea kwa alama za kupanda, binti. Utaratibu mpya. Tunachukua alama ya mwisho tunatoa ya mwanzo. Vuai Nasra, sitini na moja kutoa tisa, amepanda hamsini na mbili. Machano Kudura, tisini na nne kutoa tisini na nne." Akapiga hesabu hiyo kwenye karatasi, kwa uangalifu. "Sufuri. Hujapanda hata ngazi moja."

"Nipande wapi tena, mzee, na mimi niko juu?"

"Wewe umesimama. Taifa haliwezi kumsomesha mtu aliyesimama."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

Karani akavua miwani ya kukataa. Alikuwa na mabinti wanne nyumbani, na hakuwa mtu mbaya. "Ushuke kwanza," akasema kwa sauti ya chini, akamsukumia fomu. "Omba sufuri. Ukishapewa, utaingia Fidia awamu ya pili. Wengi wanafanya hivyo. Leta picha mbili ndogo ukiwa umeshangaa, na barua ya mwalimu wako inayothibitisha kwamba hujui kitu."

*

Mwalimu Pandu alikuwa amewafundisha hesabu miaka minne yote. Mwembamba, shati moja jeupe la Jumatatu na jingine jeupe la siku nyingine. Katika daftari la kila mwanafunzi aliandika maneno mawili yale yale kwa wino mwekundu: Onyesha njia. Ukipata jibu sahihi bila kuonyesha ulikopitia, alikunyima nusu ya alama. Baadhi ya zile sita za Kudura zilipotelea huko.

Alimkuta darasani peke yake, akifuta ubao.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kudura. Umeitwa chuoni?"

Kudura akampa fomu. Mwalimu akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Unataka niandike kwamba hujui hesabu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Wewe."

"Nasra amepata nafasi, mwalimu."

"Sikukuuliza habari za Nasra."

"Ndizo nilizo nazo! Silali, sili, namfikiria yeye tu. Miaka minne mimi nakusikiliza wewe, yeye amelala juu ya mkono wake, mate yanamtoka. Leo yeye yuko ndani, mimi niko nje. Sasa kusikiliza kote kule kumenifaa nini?"

Alijua kwamba amevuka mpaka. Alitaka kurudi nyuma, lakini akakumbuka kisigino juu ya ua jekundu. Mwalimu Pandu alikaa, akatoa kalamu mfukoni. Aliandika mistari mitatu bila kuinua kichwa: kwamba yeye, Pandu Khatibu, amemfundisha Kudura Machano kwa miaka minne, na kwamba binti huyo hajui hata kujumlisha nusu na theluthi.

"Chukua," alisema. "Ukawe muuguzi mzuri."

Dirishani, Bwana Songoro aligonga mhuri mara nne. Barua aliitolea nakala, akaitupia kwenye trei nyingine.

"Hiyo inakwenda wapi, mzee?"

"Idara ya Walimu. Usijali, mambo ya ofisi." Akamkabidhi cheti chenye ngao ya taifa na sufuri moja kubwa katikati, iliyochorwa kwa bikari. "Hongera."

*

Awamu ya pili ya Fidia iliwakusanya wanafunzi bora wa nchi nzima. Waliofeli kweli walikosa nafasi. Waliambiwa alama zao hazikuwa chini vya kutosha. Ndani ya Hoteli ya Taifa ushindani ulikuwa mkali. Kijana mmoja aliyeongoza mkoa wa kusini alijifanya hajui kuhesabu vidole vyake, mwenzake akamzidi kwa kujifanya hajui kama ana vidole. Kudura alijitahidi, lakini siku ya kwanza aliteleza, akajua leo ni siku gani. Wakamtazama vibaya.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mkufunzi Msaidizi, filimbi shingoni. Alikuwa Nasra. Wahitimu wote wa Fidia, kabla ya kwenda vyuoni, walipaswa kufundisha awamu inayofuata.

"Kudura! Shoga yangu!" Nasra alimkumbatia mbele ya darasa zima. "Na wewe umefeli? Alhamdulillahi! Nilikuwa nakusikitikia, uko peke yako kule mtaani."

Alimpa kitanda cha dirishani. Alimwekea nyama kubwa kwenye pilau. Jioni alimletea peremende aliyopewa na Waziri kwa mkono wake mwenyewe. Kudura aliipokea, akaitafuna kwa hasira. Alimwonea wivu kwa utepe, kwa filimbi, kwa kulala usingizi pale tu kichwa kinapogusa mto. Zaidi ya yote alimwonea wivu kwa kuwa Nasra hakumwonea wivu mtu yeyote, na hakuonekana hata kujitahidi.

Darasani walijifunza jambo moja kwa wiki sita. Juu kwa juu, chini kwa chini. Mtihani ulikuwa na maswali arobaini, yote ya sehemu, na juu ya karatasi iliandikwa kwa herufi nzito: NI MARUFUKU KUONYESHA NJIA. NJIA NI SIRI YA SERIKALI.

Swali la kwanza lilikuwa lile lile la Waziri. Mkono wa Kudura uligoma. Ulitaka kutafuta sita, ugeuze nusu iwe tatu ya sita, ugeuze theluthi iwe mbili ya sita, uandike tano ya sita kama ulivyozoea. Alikaa dakika kumi akiutazama. Kisha akamwona Nasra mbele akitembea katikati ya madawati, taratibu, kama anayepita juu ya kanga, na mkono wenyewe ukaandika mbili ya tano. La pili lilikuwa rahisi zaidi. Kufika la thelathini mkono haukuuliza tena.

Alipata tisini na nne. Tisini na nne kutoa sufuri ni kupanda tisini na nne, na katika historia ya Jamhuri hakuna aliyewahi kupanda kiasi hicho. Waziri alimpigia simu. Jina lake likawekwa la kwanza katika orodha ya Chuo cha Uuguzi.

Na mtaa ukamtandikia. Kanga zilianzia barabara kuu, zikapita kisimani, zikafika mlangoni. Bi. Mwanakombo alilia mpaka akasahau vigelegele. Kudura alikwenda pole pole, akiangalia chini, mpaka akaiona kanga ya kina Nasra, ya buluu. Akasimama juu yake, akasugua kisigino kushoto na kulia. Kisha akainua macho, auone uso wa Nasra.

Nasra alikuwa anapiga vigelegele kuliko wote, machozi yanamtoka kwa furaha. "Shoga, pita!" alisema. "Pita, usiogope, imefuliwa!"

Kudura akapita. Hakuna kilichowahi kumuudhi kama furaha ile.

*

Wakati Kudura anangoja zamu yake ya ukufunzi, Idara ya Walimu ilimaliza kusoma trei yake. Ndani ilikuta barua arobaini za walimu waliokiri, kwa mwandiko wao, kwamba wamefundisha miaka minne bila mwanafunzi kuelewa kitu. Mheshimiwa Dokta Mbwembwe alilia redioni. "Kumbe waliofeli ni walimu!" alisema. "Nao wana nafasi kubwa ya kupanda!"

Walimu arobaini wakaletwa Fidia, awamu ya tatu. Atakayeshindwa angefutwa kazi. Na Kudura akapewa filimbi, pamoja na karatasi ya masharti yenye sharti moja: mkufunzi atakayekubali jawabu lisilo la Serikali atarudishiwa alama yake ya mwanzo. Alama yake ya mwanzo, kwa mujibu wa cheti chenye ngao ya taifa, ilikuwa sufuri.

Aliingia darasani. Mwalimu Pandu alikuwa dawati la tatu, shati jeupe la Jumatatu, penseli imechongwa. Sheria ya Fidia iliwataka wanafunzi wasimame wamwamkie mkufunzi, na wote wakasimama.

"Shikamoo, mwalimu," walisema, wazee wenye mvi.

Midomo ya Mwalimu Pandu ilitamka pamoja nao. Kudura aliitafuta marahaba, ikakataa kutoka. Msimamizi wa Wizara aliyekaa nyuma akainua kalamu.

"Marahaba," akasema Kudura.

Kwa wiki sita aliwafundisha juu kwa juu, chini kwa chini. Mwalimu Pandu hakubisha hata siku moja. Aliandika kila kitu, akauliza kwa adabu, akala pilau yake. Mara moja tu walikutana uso kwa uso kwenye ngazi.

"Mwalimu," Kudura alisema haraka, "andika mbili ya tano. Nakuomba. Utarudi kazini. Maswali ni yale yale."

"Nimekusikia."

"Wote wanaandika. Hata mimi niliandika!"

"Najua, mwanangu. Barua niliiandika mimi." Akamshika bega, akashuka.

Siku ya kusahihisha, karatasi thelathini na tisa zilikuwa kama zimeandikwa na mtu mmoja. Mbili ya tano, vema, mbili ya tano, vema. Ya arobaini ilikuwa nzito. Mwandiko mdogo ulijaa mpaka pembeni. Mwalimu Pandu alikuwa ametafuta sita, akageuza nusu iwe tatu ya sita, akageuza theluthi iwe mbili ya sita, mstari chini ya mstari, alama za usawa zimepangwa wima kama alivyowapangia ubaoni miaka minne. Tano ya sita. Na maswali yote arobaini hivyo hivyo, hakuruka hata hatua moja.

Kudura alisoma njia yote mpaka mwisho. Alipomaliza alihisi kitu kikimpanda kutoka tumboni mpaka kooni, na alikijua, maana waliishi pamoja mwaka mzima. Alikuwa anaona wivu. Wivu aliomwonea Nasra, na utepe, na soksi, na kanga, ulikuwa wa kitoto mbele ya huu. Alimwonea wivu mtu anayekwenda kupata sufuri.

Msimamizi alikuwa amekaa meza ya pili. Kudura alichukua kalamu nyekundu, akaweka kosa la kwanza. Akaweka la pili. Aliweka makosa arobaini, na chini akaandika sufuri.

Mwalimu Pandu aliipokea karatasi yake kwa mikono miwili. Aliiangalia kama mtu anayeangalia picha ya nyumbani kwao, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Ahsante, mwalimu," alisema, akaondoka kwenda kufutwa kazi.

Asubuhi ya pili yake, siku tatu kabla ya chuo kufunguliwa, Kudura alisimama kwenye dirisha la Bwana Songoro, utepe ameushika mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba! Bingwa wetu wa kupanda. Nikusaidie nini?"

"Nataka kufeli. Safari hii kweli. Nataka ule mtihani nirudie, nionyeshe njia, nipewe sufuri yangu."

Bwana Songoro alifungua jalada, akalaza rula, akavaa miwani ya kukataa.

"Haiwezekani, binti," alisema kwa upole. "Kila raia ana haki ya sufuri moja tu, na yako uliichukua."